Mzee Ojwang' na Lafudhi ya Kuazima

Msomaji mwenzangu, wako watu hadi leo huapa kwamba Mzee Ojwang' wa Vitimbi alikuwa Mjaluo wa kuzaliwa. Hasha! Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015. Na "mkewe" Mama Kayai aliigizwa na Mary Khavere, Mluhya. Miaka mingi wawili hao walituwekea nyumba ya Kijaluo runingani, tukaiamini.

Nilikuwa Kwanza, kaskazini ya Kitale, nilipoonja uzito wa jambo hili. Mashamba yale yalikuwa ya walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru wa 1963 yakagawiwa na kununuliwa, wakajaa Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu. Huko mtu akifungua kinywa tu, jirani ashajua atokako. Huyu shamba kwake ni "samba", yule bata wake ni "pata". Nami nilipoagiza chai kwa Kiswahili cha kwetu pwani, meza nzima iligeuka.

Walakini ulimi huo huo uliwahi kumponza mtu. Katika 1991 na 1992, ghasia za ardhi zilipochoma nyumba Trans Nzoia na Bungoma, kuulizwa kabila hakukuwa mzaha.

Hila ya kujibadili ni kongwe jukwaani. Katika Mabepari wa Venisi, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere 1969, Portia avaa joho la mwanasheria wa kiume, maana mwanamke asingesikilizwa pale. Amwokoa Antonio kwa hoja ya damu. Kisha Bassanio, mumewe mwenyewe, asimtambue, akampa pete aliyoapa kutoivua! Lakini Portia alirudi nyumbani akalivua joho. Wanjau hakuvua, hata njiani watu walimwita Ojwang'.

Wako wanaonung'unika kwamba vichekesho vya lafudhi ni kukejeli kabila la mtu. Vingine ndivyo, tena vya ovyo. Bali Ojwang' alikuwa kwanza mume mwenye majivuno, ambaye mkewe alimweza kwa maneno. Na waume wa namna hiyo hata Lamu tunao. Chini ya jina la kuazima, Wanjau alipata ruhusa ya kuwa mpumbavu hadharani, jambo ambalo mzee wa heshima hasamehewi.

Muuza mahindi mmoja wa Kwanza aliniambia wanawe huigana wakicheza: huyu Mpokoti, huyu Mkikuyu, huyu Ojwang'. Siku ile waliongeza mmoja, mzee wa pwani aagizaye chai.