Mahitaji ya protini kwa wanariadha wazee

Mahitaji ya protini kwa wanariadha wazee ni kiasi cha protini kinachohitajika na watu wa umri mkubwa wanaoshiriki michezo ya masafa marefu, kama vile mbio, baiskeli na triathloni, ili misuli yao ijijenge upya baada ya mazoezi. Kwa kila mlo, kiasi hicho ni kikubwa kuliko cha vijana wenye uzito uleule.

Uzee hauzuii mbio ndefu. Mkanada Ed Whitlock (1931-2017) alikimbia marathoni chini ya saa 3 akiwa na umri wa miaka 72, mwaka 2003. Hata hivyo, misuli ya mzee huchukua muda zaidi kupata nafuu.

Sababu

Misuli hubomolewa na kujengwa kila siku. Mbio ndefu huharibu baadhi ya nyuzi zake, na sehemu ndogo ya asidi amino huunguzwa ili kutoa nishati. Baada ya hapo, protini ya chakula huvunjwa kuwa asidi amino, ambazo hutumika kujenga nyuzi mpya. Mojawapo, leusini, ndiyo hasa inayouashiria mwili uanze ujenzi huo.

Kadiri umri unavyoongezeka, misuli huitikia ishara hiyo kwa udhaifu. Mazoezi hupunguza tatizo hilo, lakini hayaliondoi lote. Protini ikipungua kwa muda mrefu, mwanariadha hupoteza misuli na nguvu, na hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa huongezeka.

Kiasi

Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwaka 2013 kundi la wataalamu liitwalo PROT-AGE lilipendekeza gramu 1.2 au zaidi kwa wazee wanaofanya mazoezi.

Kwa mlo mmoja, uchambuzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ujenzi wa misuli hufikia kilele kwa takriban gramu 0.24 kwa kila kilo kwa wanaume vijana, na gramu 0.40 kwa wanaume wazee. Vipimo hivyo vilichukuliwa wakiwa wamepumzika, kwa hiyo baada ya mbio hutumika kama makadirio tu. Kwa mtu wa kilo 60, tofauti ni kati ya gramu 14 na gramu 24.

Vyakula

Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, na glasi ya maziwa gramu 8. Hivyo mayai mawili na glasi moja na nusu ya maziwa hutoa gramu 24. Nyama, samaki na dagaa pia vina leusini nyingi. Maharagwe yana protini, lakini huhitajika kwa wingi zaidi. Yakiliwa pamoja na ugali au wali, asidi amino zake hukamilishana na zile za nafaka.

Wazee wengi hukosa hamu ya kula baada ya mazoezi. Maziwa au mtindi huweza kusaidia. Protini igawanywe katika milo yote badala ya kusubiri chakula cha jioni. Wanga pia unahitajika ili kurudisha nishati iliyotumika.

Tahadhari

Mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kuongeza protini bila ushauri wa daktari.