Je, Wajua? Baba, Mwana na Roho kati ya Kibera na Kawangware

Je, wajua kwamba Uislamu ulitangulia Kanisa Kibera? Wenyeji wa kwanza walikuwa askari Wanubi wa King's African Rifles na jamaa zao, waliopewa makao msituni mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo Mkristo wa Makina, mtaa wa Kibera, hahitaji chuo kikuu kupata mtu wa kumuuliza Mungu mmoja anakuwaje watatu. Swali hilo anaweza kulipata kwa mwenye nyumba, siku ya kodi.

Na jibu lake? Walimu wa katekisimu hukimbilia mafiga: matatu, chungu kimoja. Watoto huelewa upesi, hata wale ambao kwao hupikwa kwa gesi. Lakini mababu wa Kanisa wasingeupitisha mfano huo: figa ni jiwe linalojitegemea, ukilitoa jikoni linabaki jiwe. Imani ya Utatu inasema Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, na kila nafsi ni Mungu kamili, si theluthi yake.

Je, wajua kwamba ugomvi mkubwa kuhusu jambo hili ulizuka Afrika? Tertuliano wa Karthago, Tunisia ya leo, ndiye mwandishi wa kwanza tunayemjua kuandika juu ya Utatu kwa Kilatini, mwanzoni mwa karne ya 3. Baadaye Ario, padri wa Aleksandria, Misri, akafundisha kwamba Mwana aliumbwa, tena kwa nyimbo! Mabaharia na wasaga nafaka wakaziimba kazini. Aliyewahi kukoseshwa usingizi na kesha la Gatwekera, Kibera, anaijua nguvu ya mbinu hiyo. Mtaguso wa Nikea ulimkataa mwaka 325. Hata hivyo mpinzani wake Atanasi, aliyekuwa shemasi pale Nikea na kisha askofu wa Aleksandria, alifukuzwa mara 5 na kuishi uhamishoni takriban miaka 17. Roho Mtakatifu alingoja hadi Konstantinopoli, mwaka 381, ndipo Kanuni ya Imani ikamweleza kwa kirefu.

Sasa panda matatu ya 46 hadi Kawangware, uvuke hadi Riruta. Je, wajua kwamba pale kuna seminari ya Kiorthodoksi iliyo chini ya Patriaki wa Aleksandria, kiti kile kile alichokalia Atanasi? Kisa chake kinastahili filamu. Wakikuyu waliojitenga na misheni miaka ya 1930 walitaka kanisa la kale lisilofungamana na mkoloni. Arthur Gathuna wa Waithaka akashirikiana na Reuben Spartas wa Uganda, na mwaka 1946 Aleksandria ikawapokea. Hali ya hatari ilipotangazwa, makanisa na shule zao zikafungwa, Gathuna akatiwa kizuizini. Mwaka 1957 akapitia Kenya Askofu Mkuu Makarios wa Cyprus, aliyekuwa ametoka tu Ushelisheli alikohamishiwa na Waingereza haohao. Hakuwasahau. Alipokuwa rais wa nchi yake ndiye aliyeanzisha ujenzi wa seminari hiyo, nayo ina jina lake mpaka leo.

Matokeo yake ni kwamba mzozo wa mwaka 1054 kati ya Makanisa ya Mashariki na Magharibi unaishi Kawangware kwa amani. Mkatoliki akisali Kanuni ya Imani husema Roho anatoka kwa Baba na Mwana. Mworthodoksi wa Riruta huishia kwa Baba. Kisha wote wawili hununua sukuma kwa mama mboga mmoja.

Je, wajua kwamba mwaka 1934 kumfuata Roho kulikuwa hatari Kenya? Januari, Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyeongoza vuguvugu la Roho, aliuawa kule Musanda katika vurugu zilizochanganyika na ugomvi wa ardhi. Februari, polisi waliwapiga risasi manabii watatu wa Wakurinu katika msitu wa Ndarugu. Watu wengi mtaani huwajua Wakurinu kwa vilemba vyeupe tu.

Legio Maria je? Usiichanganye na Legio ya Maria, chama cha Wakatoliki kilichoanzia Dublin mwaka 1921. Legio Maria ni kanisa lililozaliwa magharibi mwa Kenya mapema miaka ya 1960, na waumini wake wengi humwona Simeo Ondeto, aliyefariki mwaka 1991, kuwa Masiya aliyewajia Waafrika. Hapo nafsi ya pili inapewa uso mweusi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Je, wajua kwamba Lang'ata, jirani ya Kibera, ilikuwa na mwanateolojia aliyeutafakari Utatu kwa njia ya Kiafrika? Padri Charles Nyamiti, Mtanzania aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, alipendekeza kwamba Baba ni kama Mhenga, Mwana ni Mzao wake, na Roho ni tunu wanayopeana kwa upendo. Wapo waliomwona amepita mpaka. Mimi naona alikuwa karibu na Agustino, Mwafrika mwenzake, aliyeandika juu ya Apendaye, Apendwaye na Upendo wenyewe.

Hoja ya upendo ndiyo tamu kuliko zote. Kama Mungu ni upendo, alimpenda nani kabla ya kuumba chochote? Richard wa Saint-Victor, mtawa wa Paris aliyefariki mwaka 1173, alijibu hivi: upendo unahitaji wawili, na ukikomaa hutaka watatu, kwa kuwa wapendanao wa kweli hawaoni wivu kuushiriki.

Papa Fransisko, tarehe 27 Novemba 2015, aliuleta upendo huo Kangemi, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, si mbali na Kawangware. Alizungumzia ardhi, makao, kazi na maji. Kuinyima familia maji, alisema, ni dhuluma kubwa. Wanunuzi wa mtungi wa lita 20 walimwelewa bila mkalimani.

Na kalenda nayo: Wakatoliki na Waanglikana huadhimisha Utatu Jumapili inayofuata Pentekoste, Waorthodoksi siku yenyewe ya Pentekoste. Mwaka 2026 Pasaka zao zimepishana kwa wiki moja, hivyo sherehe zote mbili ni tarehe 31 Mei.