Mapambo ya Noeli: jinsi ya kuyahifadhi Bujumbura kabla mvua kubwa hazijarejea

Sikukuu za Noeli na Mwaka Mpya zimekwisha, na katika nyumba, maduka, hoteli na makanisa ya Bujumbura miti ya Noeli imeanza kuvuliwa mapambo yake. Kazi hiyo huonekana ndogo, na kwa sababu hiyo mara nyingi hufanywa kwa haraka: kila kitu hutiwa ndani ya katoni moja, na katoni husukumwa chini ya kitanda hadi Desemba nyingine. Inapofunguliwa, tufe zimebanduka rangi, nyaya za taa zimefungana mafundo na katoni imekuwa makazi ya mende.

Hasara hiyo si ndogo. Sehemu kubwa ya mapambo ya Noeli yanayouzwa duniani hutengenezwa katika mji wa Yiwu, mkoani Zhejiang nchini China. Bidhaa zinazotoka mbali kiasi hicho hufika Burundi hasa kwa kupitia bandari ya Dar es Salaam, kisha husafirishwa kwa barabara au kwa meli kutoka Kigoma. Wakati fedha za kigeni ni adimu, kununua upya kila mwaka ni mzigo kwa familia, ilhali mapambo yaliyotunzwa vyema hudumu miaka mingi.

Kwa nini Januari

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, mahali penye joto na unyevu. Msimu wa mvua huanza mwishoni mwa Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei, lakini katikati yake kuna kipindi kifupi cha ukavu, kiitwacho Urugaryi kwa Kirundi, ambacho kwa kawaida huangukia Januari. Baada yake mvua kubwa hurejea. Unyevu ulionaswa ndani ya katoni iliyofungwa siku ya mvua hauna pa kutokea, nao ndio unaoleta kuvu kwenye vitambaa na kutu kwenye nyaya.

Kalenda ya Kanisa Katoliki nayo inaafikiana na jambo hilo. Msimu wa Noeli humalizika kwa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, inayokuja baada ya Epifania. Wapo wanaoacha mapambo hadi tarehe 2 Februari, siku ya 40 ukihesabu tangu Noeli yenyewe. Desturi zote mbili ni za zamani, ila kwa upande wa hali ya hewa ile ya kwanza ina nafuu zaidi.

Anza na taa

Kabla ya kugusa pambo lolote, chomoa plagi ukutani. Kisha kagua waya mzima: mahali palipobabuka, palipoungua au palipofungwa kwa utepe wa gundi ni dalili ya hatari, hasa katika mji ambamo umeme hukatika na kurudi kwa nguvu. Taa mbovu itengwe na kupelekwa kwa fundi sasa. Ikirudishwa ndani ya katoni, itasahauliwa hadi siku ya kuwashwa.

Waya usizungushwe kwenye kiwiko, kwani hujikunja na kukatika ndani. Kata kipande cha katoni kigumu, uuzungushe juu yake taratibu, plagi ikibaki nje. Ikiwa taa hutumia betri, ziondoe zote, kwa sababu betri iliyoachwa miezi 11 huvuja na kuharibu kila kilicho karibu nayo. Zile ndogo zenye umbo la kifungo ziwekwe mbali kabisa na watoto: ikimezwa, betri ya aina hiyo inaweza kuunguza umio katika muda wa saa 2 tu, na mtoto aliyeimeza hupelekwa hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

Kila pambo na mahali pake

Tufe za kioo na za plastiki zipanguswe vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Maji na sabuni hubandua rangi. Trei za mayai, zinazopatikana katika kila soko la mji, hufaa sana kwa tufe ndogo, mradi ziwe safi na zimeanikwa juani. Tufe kubwa zifungwe moja moja kwa kitambaa au karatasi nyeupe, kwa kuwa wino wa gazeti huhamia kwenye mapambo ya rangi nyeupe. Vizito vikae chini, vyepesi juu.

Sanamu za udongo za pangoni na mapambo ya maganda ya mgomba yanahitaji uangalifu wa pekee. Yaanikwe kivulini kwa siku moja au mbili, kwani ganda lenye unyevu huota kuvu upesi. Vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu, vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, vinaweza kutumika tena humo. Usiweke mchele badala yake: utawaita panya.

Vidonge vyeupe vya naftalini hutumiwa na wengi kufukuza wadudu, lakini mvuke wake una madhara. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo si adimu katika nchi zenye malaria, wanaweza kuharibikiwa na chembe nyekundu za damu wakiuvuta, na watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi. Sanduku lenye kifuniko kinachobana ni kinga bora.

Matawi ya msipresi yaliyokauka yaondolewe nyumbani mapema, kwa maana hushika moto kwa urahisi. Yakichomwa, yasichomwe pamoja na mikufu ya plastiki inayong'aa, kwani moshi wake una sumu.

Juu, lakini si darini

Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliangusha nyumba na kuua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, ikiwemo Kamenge na Kinama. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi ya Gatumba na sehemu za mji zilizo kando ya ziwa. Katika mitaa ya namna hiyo, nafasi ya juu kabisa ndani ya nyumba ni ya hati za familia, dawa na vyeti vya shule. Mapambo yafuate baada ya hivyo, yasikae sakafuni wala kugusa ukuta wa nje.

Hata hivyo, dari iliyo chini ya mabati si mahali pazuri. Joto la mchana hulainisha mishumaa na gundi, na plastiki hupinda. Juu ya kabati, chumbani penye hewa, panafaa zaidi. Andika kwa kalamu nene juu ya kila sanduku yaliyomo ndani yake, na palipo na kioo.

Maarifa haya hayawahusu wanaosherehekea Noeli peke yao. Taa za harusi, mapambo ya Maulidi na ya Idi, yanayotundikwa Buyenzi na kwingineko, huharibiwa na unyevu uleule na hutunzwa kwa njia zilezile.

Katika kiangazi, mwezi Julai hivi, fungua masanduku kwa siku moja, uyaache yapate hewa kivulini, kisha uyafunge tena. Kuvu ikigunduliwa mapema hupanguswa kwa kitambaa kikavu, na kilichoharibika hujulikana kukiwa bado na miezi 5 ya kukitafutia mbadala kwa bei nafuu.