Kofia Kabla ya Tandiko

Katika jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo, ndugu wa karibu wa farasi ni pundamilia wa Hifadhi ya Upemba, na huyo hapandwi. Nchi hii ni ya mbung'o, na ugonjwa wa nagana anaoueneza humuua farasi kabla hajazoea malisho. Mtu mzima wa mji wa Kamina, jimboni humo, anayetaka kujifunza kupanda farasi hupanda kwanza treni hadi Lubumbashi, ambako kuna klabu ya farasi, Cercle Hippique. Akishalipa nauli, malazi na masomo, mfuko umepungua sana. Kilichobaki kianzie kichwani.

Mwanafunzi akikaa kwenye tandiko, kichwa chake kiko zaidi ya mita 2 kutoka ardhini, juu ya mnyama wa takriban kilo 500 anayeweza kushtushwa na mfuko wa plastiki unaopeperuka. Na wakati wa kiangazi udongo mwekundu wa eneo hili la Katanga hukauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji.

Ndani ya helmeti ya farasi mna tabaka la povu gumu ambalo kazi yake ni kupondeka. Likipondeka hupunguza nguvu ya pigo kabla halijafika kwenye ubongo. Kazi hiyo huifanya mara moja tu: povu halirudi lilivyokuwa, ilhali ganda la nje laweza kung'aa kana kwamba halijaguswa. Hapo ndipo mitumba inapowaponza watu. Helmeti ambayo muuzaji mwenyewe hajui iliangukia wapi iachwe mezani, hata ikiuzwa kwa bei ya soda. Ushauri wa kawaida ni kuibadilisha baada ya kila pigo zito, na baada ya takriban miaka 5 hata isipoanguka.

Je, ile ya pikipiki haifai? Haifai. Ni nzito, huziba masikio, tena ilipimwa kwa ajali za barabarani, si kwa kuanguka kutoka mgongoni mwa farasi. Mnunuzi atazame ndani alama ya kiwango cha farasi: ASTM F1163 yenye muhuri wa SEI, PAS 015, VG1 au EN 1384.

Alama pekee haitoshi kama kofia inacheza. Kichwa hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi. Mwanamke aliyesuka apimwe na mtindo atakaopandia. Misuko minene ikifumuliwa, helmeti iliyobana jana leo inazunguka. Iliyokaa sawa, hata kabla ya kufunga mkanda wa kidevu, mtu akitikisa kichwa ngozi ya paji husogea nayo.

Wapo wanaodhani kofia ni ya wasiojua. Mpanda farasi Courtney King-Dye wa Marekani alishiriki Olimpiki ya 2008. Machi 2010 farasi aliyekuwa akimfanyisha mazoezi alijikwaa, naye hakuwa na helmeti. Alikaa katika koma wiki 4. Tangu 2021 shirikisho la kimataifa, FEI, limelazimisha helmeti hata katika mashindano ya miondoko ya farasi (dressage), ambako mabingwa walipenda kofia ndefu za kifahari. Lakini ukweli una upande wa pili: Mei 1995 mwigizaji Christopher Reeve alianguka akiwa amevaa helmeti na kizibao cha kinga, bado akavunjika shingo. Shingo haina kofia.

Baada ya kichwa ni miguu. Kamina ni mji wa kambi ya jeshi, na buti la kijeshi huonekana imara. Tatizo ni soli yake yenye meno, ambayo hung'ang'ania kikuku cha tandiko mtu anapoanguka, naye akaburutwa. Buti jema lina soli laini na kisigino cha sentimita 2 hadi 3, na kikuku kiwe kipana kidogo kulizidi. Raba zisizo na kisigino ni hatari zaidi, maana mguu mzima hupenya.

Kizibao cha kinga chenye alama ya EN 13158, ngazi ya 3, hulinda mbavu, ila ni ghali na kina joto. Kwa masomo ya kutembea uwanjani chaweza kuazimwa au kusubiri mpaka masomo ya kuruka vizuizi. Glavu nazo zaweza kusubiri.

Anayetoka Kamina apige simu klabuni kabla ya kukata tiketi, aulize kuna helmeti za saizi gani na zilitengenezwa mwaka gani. Isipopatikana ya kumtosha, aahirishe safari.