Gari la umeme na amana ya waumini: thamani huyeyukia wapi?

Katika kikao cha kamati ya msikiti wetu kilichofanyika baada ya Swala ya Isha, ajenda ilikuwa moja tu: gari la walimu wa madrasa. Walimu wetu husomesha katika vituo vinne vilivyotawanyika mjini, na kila jioni husimama katika foleni za daladala huku watoto wakiwasubiri kwenye majamvi. Kwa muda wa miaka miwili waumini walichanga kidogo kidogo, wengine wakitoa noti ya elfu moja baada ya Ijumaa, mpaka kikapatikana kiasi cha kununulia gari dogo lililotumika.

Kijana mmoja katika kamati akaleta pendekezo. Alisema ipo Nissan Leaf katika yadi moja ya magari, gari la umeme lililotoka Japani, halijatumika sana, ngozi za viti bado zina harufu ya upya, na bei yake ni chini ya nusu ya bei ya jipya. Halitaki petroli wala kumwagiwa oili ya injini. Wengi wetu tulifurahi. Lakini mzee wetu mtunza hazina, ambaye huhesabu fedha za msikiti mara mbili kabla ya kuzifungia, akauliza swali moja: "Ikiwa gari ni zuri hivyo, mbona mwenyewe ameliachia kwa nusu ya bei?"

Hakuna aliyejibu. Kikao kikaahirishwa kwa wiki tatu, nasi tukapewa kazi ya kulitafutia swali lile majibu. Tunayaandika hapa kwa sababu tunajua kwamba familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zimeanza kuliuliza swali hilo hilo nyumbani kwao.

Hasara ya mmiliki wa kwanza

Kila gari hupungua thamani tangu siku linapotoka dukani. Hilo si jambo geni. Jambo geni ni kasi ya upungufu huo katika magari ya umeme yaliyotumika miaka michache tu, na mfano ulio wazi zaidi tumeupata Marekani.

Mwezi Oktoba 2021, kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ilitangaza kuagiza magari 100,000 ya Tesla. Habari ile ilipokewa kwa shangwe kubwa. Januari 2023, Tesla yenyewe ikashusha bei ya magari yake mapya. Model Y ya masafa marefu, iliyokuwa ikiuzwa dola 65,990 nchini Marekani, ikawa dola 52,990. Tafakari, ndugu msomaji, hali ya mtu aliyelinunua gari lile mwezi mmoja kabla. Gari halikugongwa, betri haikuharibika, wala halikumaliza matairi, lakini dola 13,000 zilikuwa zimekwisha ondoka. Hakuna atakayelinunua lililotumika kwa bei inayozidi ile ya jipya.

Hertz, yenye maelfu ya magari hayo, iliumia kuliko mtu mmoja mmoja. Januari 2024 ilitangaza kwamba itauza magari ya umeme yapatayo 20,000, yaani takriban theluthi moja ya magari yake ya umeme nchini humo, na ikaandika katika hesabu zake upungufu wa thamani wa dola milioni 245. Ililalamikia pia gharama kubwa za kuyatengeneza yanapogongwa. Miezi miwili baadaye mkuu wa kampuni, Stephen Scherr, akang'atuka.

Sababu ya pili ya kushuka ni ruzuku za serikali. Kwa sheria ya mwaka 2022, mnunuzi wa gari jipya la umeme nchini Marekani aliweza kupata nafuu ya kodi inayofika dola 7,500, mpaka mpango huo ulipokoma mwishoni mwa Septemba 2025. Kwa hiyo bei iliyoandikwa juu ya kioo sicho alicholipa mnunuzi wa kwanza. Anayelinganisha bei ya kuuzia tena na bei ile ya kiooni huona hasara kubwa kuliko ilivyo hasa.

Sababu ya tatu ni maendeleo yenyewe ya ufundi. Leaf ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24. Baadaye ikaja ya 30, kisha ya 40 mwaka 2017, na ya 62 mwaka 2019. Kila kipya kilipofika, cha zamani kilionekana kifupi cha mwendo. Wakati huo huo bei ya betri viwandani ikazidi kuporomoka, na watengenezaji wa China wakaingia sokoni na magari ya bei nafuu. Gari la petroli la mwaka 2015 na la mwaka 2020 hufika Morogoro kwa namna ile ile; magari mawili ya umeme ya miaka hiyo yanaweza kutofautiana mwendo maradufu.

Ipo pia sababu ya kawaida tu. Huko Uingereza, magari mengi ya umeme huchukuliwa kwa mikataba ya kukodi ya miaka michache kupitia waajiri, kwa sababu kodi yake ni ndogo. Mikataba hiyo inapomalizika, magari hurudi sokoni kwa pamoja. Japani nako gari jipya la binafsi hufanyiwa ukaguzi wa kwanza wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, nao una gharama. Wengi huona heri kuuza kabla ya ukaguzi.

Hivyo sehemu ya kwanza ya jibu kwa mzee wetu ni hii: mmiliki wa kwanza anaweza kuliacha gari zuri kwa nusu ya bei bila ya gari kuwa na kasoro yoyote. Hasara yake ni nafuu ya anayemfuata. Lakini jibu hilo ni nusu tu.

Betri na joto la pwani

Nusu ya pili imo ndani ya betri. Katika gari la umeme, betri ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote, nayo huzeeka. Uchunguzi wa kampuni ya Geotab uliotolewa mwaka 2024, uliotazama maelfu ya magari, ulikuta kwamba kwa wastani betri hupoteza kama asilimia 1.8 ya uwezo wake kila mwaka. Kwa wastani huo, gari la miaka mitano limepoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Hofu ya watu wengi kwamba betri hufa baada ya miaka mitatu haina msingi.

Hata hivyo wastani si hukumu ya kila gari, na Leaf ina hali yake. Magari mengi ya umeme hupoza betri kwa kimiminika kinachozungushwa ndani yake. Leaf za vizazi hivi tulivyovitaja hazina mfumo huo. Betri yake hutegemea hewa tu. Mwaka 2012, wenye Leaf katika jimbo la Arizona, ambako majira ya joto ni makali mno, walianza kulalamika kwamba mwendo wa magari yao unapungua upesi. Shauri likafika mahakamani, na baadaye Nissan ikaahidi kuirekebisha au kuibadili betri itakayoshuka chini ya mistari 9 ya kipimo chake ndani ya miaka 5 au maili 60,000. Betri za baadaye ziliboreshwa ili zistahimili joto zaidi.

Sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hatuishi jangwani, lakini joto letu ni la mwaka mzima. Mwenye gari la namna hii na aliegeshe kivulini, wala asiliache siku nyingi likiwa limejaa chaji hadi mwisho.

Kipimo chenyewe kinataka kueleweka. Dashibodi ya Leaf huonesha afya ya betri kwa mistari 12. Mtu akiiona yote 12 hudhani betri ni kamili, lakini mstari wa kwanza hauondoki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15. Zaidi ya hapo, mwenye kifaa na ujuzi anaweza kuirudisha mizani hiyo mwanzo, ikaonesha ukamilifu ambao betri haina, nayo ikakaa hivyo kwa muda kabla ya kushuka tena. Shahidi asiyenunulika ni barabara.

Tulipokwenda yadi

Tulikwenda watu watatu: mzee mtunza hazina, kijana mwenye pendekezo, na sisi tuliobeba daftari. Muuzaji alitupokea kwa heshima na soda baridi. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa, betri yake ya kilowati-saa 40, na mistari yote 12 ilionekana.

Tukamweleza kwamba gari la betri hiyo, likiwa jipya, lilipewa katika vipimo vya Marekani mwendo wa kilomita zipatazo 240. Kutoka mjini kwenda Bagamoyo na kurudi ni zaidi ya kilomita 120. Tukaomba lijazwe chaji, twende naye Bagamoyo na kurudi kwa gharama yetu. Betri ikiwa nzima, tutarudi na zaidi ya theluthi moja ikiwa imebaki.

Muuzaji alicheka, akasema tuzunguke naye mtaa mmoja. Tukarudia ombi letu. Akasema ana wateja wengine. Tukarudia mara ya tatu, naye hakukataa wala hakukubali, alipunguza bei. Mzee wetu akafunga kofia ya kalamu yake, akaaga.

Hatumhukumu mtu yule. Huenda betri ilikuwa salama naye alichelea muda wake tu. Lakini njiani tulikumbushana kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka alijitetea kwa mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha likafuata onyo kali juu ya wenye kughushi. Katika gari la umeme, unyevu wa nafaka umo ndani ya betri, na muuzaji mwaminifu huutoa nje kabla hajaulizwa.

Bei ya kule si soko la hapa

Tulijifunza pia kwamba anayenunua kwa bei ya Japani atauza kwa soko la kwetu. Toyota ndogo ya petroli ina mnunuzi katika kila mtaa, kwa sababu fundi wake yupo chini ya kila mwembe na vipuri vyake vimejaa Kariakoo. Gari la umeme bado halina jeshi hilo. Tundu la chaji ya haraka la Leaf ni la mtindo wa Kijapani uitwao CHAdeMO, na watengenezaji wengi wa dunia wamefuata mitindo mingine. Skrini huweza kuwa ya Kijapani. Dhamana ya kiwandani ina masharti ya nchi ilikotolewa. Mnunuzi wa huku asiihesabu mpaka aione kwa maandishi yenye kumtaja yeye. Na kwa ndugu zetu wa Kenya, sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane huyafunga mlango magari yale ya bei ya chini kabisa.

Mwenye desturi ya kubadili gari kila baada ya miaka miwili anaweza kuipata hapa hasara ile ile aliyoikimbia mmiliki wa kwanza. Aliyekopa yuko katika hatari zaidi: thamani ya gari ikishuka upesi kuliko deni, atajikuta anadaiwa fedha nyingi kuliko gari analoendesha, hata akiliuza asitoke.

Lakini familia itakayolitumia gari mpaka lichakae haina sababu kubwa ya kuiogopa bei ya kuuzia tena. Inachohitaji kujua ni mambo mawili: je, mwendo wake kwa siku unatoshelezwa na betri hata ikipungua robo? Na je, nyumbani pana umeme wa kuaminika na waya uliofungwa na fundi anayestahiki? Walimu wetu hawazidi kilomita 40 kwa siku, na gari litalala uani mwa msikiti. Kwao gari la umeme linafaa, hata lenye betri iliyozeeka kidogo, alimradi bei iseme ukweli huo.

Uamuzi wa kamati

Baada ya wiki tatu tulirudi kikaoni. Kijana aliona tumechelewa na nafasi imepotea. Wengine walitaka turudi kwenye petroli. Mwisho tulikubaliana mambo yafuatayo, yakaandikwa katika kumbukumbu: gari litahesabiwa kana kwamba halitauzwa tena hata kwa shilingi moja, na likinunuliwa, linunuliwe kwa sababu linafaa kwa hesabu hiyo, halitanunuliwa kwa mkopo, na halitalipiwa kabla ya kwenda Bagamoyo na kurudi.

Mzee mtunza hazina alisaini, kisha akauliza kama kuna muuzaji yeyote aliyekubali sharti la mwisho. Kijana akasema amempata mmoja, mwenye gari lenye mistari 11, ambaye ameisema kasoro hiyo mwenyewe kwenye simu kabla ya kutaja bei. Safari ni Jumamosi baada ya Alfajiri, inshaallah. Mzee ameomba akae kiti cha mbele, na daftari atalishika yeye.