Mchango wa Kumbukumbu ni Amana

Katika jamii za mkoa wa Mara, wawe ni Wazanaki wa Butiama, Wajita wa mwambao wa Musoma au Waikizu wa Bunda, fedha za msibani hukusanywa kwa utaratibu unaofahamika: jina la mtoaji na kiasi alichotoa huandikwa katika daftari, jumla hutangazwa, na kinachosalia baada ya maziko hukabidhiwa wafiwa. Fedha hizo ni rambirambi, yaani pole inayotolewa kwa wafiwa wenyewe, nao wana haki ya kuzitumia wanavyoona inafaa. Mchango wa kumbukumbu, ambao familia huuomba baada ya matanga kuanuliwa ili kusomesha yatima au kujenga bweni kwa jina la marehemu, ni kitu cha aina nyingine kabisa, hata kama unaombwa na watu walewale na kupokewa kwa namba ileile ya simu. Mchango huo ni amana, maana yake ni mali iliyowekwa mikononi mwa mtu kwa faida ya mtu mwingine, na familia inayoichukulia amana hiyo kuwa ni rambirambi iliyochelewa huanza safari yake kwa kosa ambalo ni gumu kulirekebisha baadaye.

Mkoa huu una mfano wa kumbukumbu ulio wazi kuliko mingine. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na akazikwa kijijini kwao. Taifa humkumbuka kila tarehe hiyo kwa sikukuu na kwa kilele cha Mbio za Mwenge, lakini familia nayo imekuwa na njia zake: mmoja wa watoto wake, Madaraka Nyerere, ameupanda Mlima Kilimanjaro kwa kumbukumbu ya baba yake huku akichangisha fedha za hisani. Mlima wenyewe unabeba maana ya kumbukumbu bila kulazimishwa, kwa kuwa ni kileleni pake, kwenye urefu wa mita 5,895, ambapo Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961. Wala si familia pekee zinazoutumia mlima huo, kwani Mgodi wa Dhahabu wa Geita uliasisi mwaka 2002 kampeni ya kuupanda kwa lengo la kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI.

Uchangishaji wa namna hii hutegemea ahadi: mpandaji anatoa jasho lake, na wachangiaji wanaahidi fedha kwa heshima ya jasho hilo. Hata hivyo, mlima una gharama zake, zikiwamo ada za hifadhi, malipo ya waongozaji na wapagazi, chakula na usafiri, na gharama hizo zikitolewa katika kapu moja na michango, mchangiaji wa Bunda aliyedhani ananunua sare za yatima anajikuta amelipia hema la mgeni. Kanuni inayostahili kushikwa bila kulegezwa ni kwamba wapandaji wajilipie wenyewe, au wapate mfadhili wa safari anayejulikana kuwa ni wa safari tu, na kila shilingi iliyoombwa kwa jina la marehemu iende kule ilikotajwa.

Sheria nayo inatoa kinga. Mchango ukikaa katika akaunti ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, siku atakapofariki fedha hizo zitaonekana kuwa sehemu ya mirathi yake, na itakuwa kazi ya mahakama kuzitenganisha na mali ya warithi. Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, inaruhusu wadhamini kusajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na kuwa chombo kimoja chenye uhai wake kisheria, kinachomiliki mali bila kujali nani kafa na nani kajiuzulu. Familia inayotaka kuendesha miradi kwa upana zaidi inaweza kuunda shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Kwa mfuko mdogo, hata hivyo, mara nyingi ni busara zaidi kuikabidhi michango kwa taasisi iliyokwisha kusajiliwa, kwa makubaliano ya maandishi, kuliko kuanzisha shirika jipya ambalo taarifa zake za kila mwaka zitawashinda waanzilishi.

Linalozungumzwa kidogo mno ni uchaguzi wa kazi yenyewe. Familia nyingi huvutwa na jengo, kwa sababu jengo huwekwa kibao cha jina, na jina ndilo lililowakutanisha. Lakini mkoa wa Mara una mahitaji ambayo hayana ukuta wa kubandika kibao. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, linaendesha nyumba salama Butiama na Mugumu, zinazowahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni, na idadi ya wanaohitaji hifadhi hupanda hasa katika likizo ya Desemba, ambayo ndiyo msimu wa sherehe za tohara kwa koo za Kikurya. Nyumba ya aina hiyo ikishajengwa, kinachoiweka hai ni unga, maharage, sabuni, nauli, ada za shule na mshahara wa mlezi anayelala hapo usiku kucha. Hizi ndizo gharama za uendeshaji, yaani zile zinazorudi kila mwezi bila kuacha kitu cha kupigwa picha, na ndizo ambazo wafadhili wakubwa huzikwepa. Familia inayomkumbuka mama aliyelea watoto wasio wake haitapata kazi inayofanana naye zaidi ya hiyo.

Gharama zinazorudi huhitaji fedha zinazorudi. Ndipo linapokuja wazo la mfuko wa mtaji, ambapo michango haitumiki moja kwa moja bali huwekezwa, kwa mfano katika hati fungani za serikali, na kinachotumika ni faida tu. Kwa hesabu ya mfano, shilingi milioni 10 zikizaa asilimia 10 kwa mwaka zinatoa shilingi milioni 1, na mtaji unabaki, ingawa mfumuko wa bei huula polepole endapo sehemu ya faida hairudishwi. Waislamu wa pwani wameufahamu utaratibu huu kwa karne nyingi kupitia wakfu, ambapo nyumba au shamba hufungwa lisiuzwe wala kurithiwa, na mapato yake huendelea kuhudumia msikiti au maskini kwa niaba ya aliyeliweka.

Jina la marehemu lenyewe pia linahitaji mlinzi. Nchini Kanada, Terry Fox aliyekatwa mguu kwa saratani alianza mwaka 1980 kukimbia kuivuka nchi yake ili kuchangisha fedha za utafiti, akafariki mwaka uliofuata, na mbio zinazofanywa kwa jina lake zimeenea katika nchi nyingi huku familia yake ikishikilia sharti kwamba zisigeuzwe jukwaa la matangazo ya kampuni. Sharti la namna hiyo huandikwa mapema, kabla mfadhili mkubwa hajafika na bango lake, na huandikwa katika hati ileile inayotaja watia saini wa akaunti, ambao angalau mmoja wao asiwe ndugu wa marehemu, pamoja na tarehe ya kusomwa hesabu mbele ya wachangiaji, ambayo kwa desturi inaweza kuwa siku ya misa au dua ya kumbukumbu. Hati hiyo itaje vilevile jambo ambalo wafiwa huona vigumu kulitamka, nalo ni lini mfuko utafungwa, na salio litakabidhiwa kwa nani.