Jaketi la Pikipiki Lina Kazi Zaidi ya Kuzuia Baridi

Kwenye stendi za bodaboda za Wote, Emali, Mwingi na mji wa Kitui, ni kawaida kumwona mhudumu amevaa koti zito mbele nyuma, yaani mgongo wa koti umefunika kifua na zipu iko mgongoni. Wapita njia hucheka, lakini hapana cha kuchekwa. Pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa, upepo na vumbi hupenya kwenye meno ya zipu na kumpiga mtu kifuani, na asubuhi za Juni na Julai katika milima ya Mbooni na Kilungu baridi hiyo huingia hadi mifupani. Koti alilolinunua kwenye mitumba lilishonewa mtu atembeaye kwa miguu, naye ameiona kasoro akaitafutia dawa. Ndiyo maana nashikilia kwamba jaketi la pikipiki ni chombo cha kazi, sawa na breki na taa, na kila sehemu yake imewekwa ili kukabili hatari fulani. La kuuliza hapa Ukambani ni kama sehemu hizo zinafaa kwa barabara zetu, jua letu na namna tunavyobeba abiria.

Kasoro hiyo hiyo ilimshughulisha Irving Schott, mtengenezaji wa nguo wa New York, aliyetoa jaketi la ngozi liitwalo Perfecto mwaka 1928. Zipu yake hupanda mshazari, na upande mmoja wa kifua hulalia mwingine. Ngozi mbili zikipandana, upepo hukosa pa kupita, na mtu akiinama kushika usukani zipu haimchomi tumboni. Mengi yanayodhaniwa kuwa mapambo yana hesabu kama hiyo. Pembe za kola hubanwa kwa vifungo zisimchape mwendeshaji usoni. Marinda yaliyofichwa nyuma ya mabega hufunguka anaponyoosha mikono mbele. Yasipokuwapo, mikono ya jaketi hupanda juu na kuacha vifundo vya mikono wazi. Zipu za mikononi huzuia upepo usiingie na kuivimbisha nguo. Mfuko hukatwa mshazari na kufungwa kwa zipu, kwa kuwa mfuko wazi kwenye barabara ya murram hautunzi simu wala pesa za siku.

Hayo ni ya safari. Kuanguka nako kuna mahitaji yake, na hapo ndipo majaketi mengi hushindwa. Anayeanguka kwanza hugonga ardhi, kisha huburutwa. Pigo la kwanza hupunguzwa na vipande vya sponji ngumu mabegani na viwikoni. Sponji ya godoro haisaidii, maana inayotakiwa ni ile inayoitawanya nguvu ya pigo isiufikie mfupa yote kwa pamoja. Kuburutwa huhitaji kitambaa kisichotoboka upesi na mishono iliyorudiwa, kwa sababu kitambaa imara kilichoshonwa kwa uzi dhaifu huachana pale pale penye mshono. Hata ule mkanda mdogo unaobana mkono wa jaketi una kazi yake: usipokuwapo, sponji huzunguka na kiwiko hukutana na lami bila kinga. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusu waendeshaji 212 waliopata ajali, ulionyesha kwamba waliovaa majaketi ya pikipiki hawakulazwa hospitalini kwa wingi kama wasioyavaa. Lakini utafiti huo huo ulikuta kwamba karibu majaketi matatu kati ya kila kumi yaliharibika kiasi cha kutofanya kazi yake. Lebo pekee basi haitoshi. Mnunuzi aligeuze jaketi ndani nje, aivute mishono kwa nguvu, na aingize mkono kwenye mifuko ya bitana mabegani aone kama kweli mna kitu.

Sheria yetu imesisitiza jambo moja, nalo ni kuonekana. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yanamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi lenye riflekta, na abiria awe navyo pia. Kusudi ni jema, ila kizibao cha manjano kinachouzwa kila mahali kina upungufu usiozungumzwa. Rangi ile kali hung'aa kwa kugeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga. Jua likizama, uwezo wake umekwisha. Usiku kinachofanya kazi ni mistari ya kijivu yenye punje ndogo mno za kioo, zinazorudisha mwanga wa taa za gari kule kule ulikotoka. Sasa mpakie abiria. Mgongo wote wa mwendeshaji umefunikwa, na dereva wa lori anayekuja nyuma haoni hata mstari mmoja. Gunia la makaa au mitungi ya maji hufunika vilevile. Kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, inayopita Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei huku malori yakisafiri usiku kucha, hilo ni jambo la kufa na kupona. Jaketi la bodaboda linahitaji mistari inayozunguka mikono yote miwili, kwa kuwa mikono hutokeza pembeni ya abiria na mzigo. Mistari hiyo pia inahitaji kupanguswa, maana vumbi huizima.

Atakayepinga atasema kwamba Kitui ni joto, na jaketi zito humchosha mtu hadi akapoteza umakini. Pingamizi hili ni la haki, kwani mtu aliyekaukiwa maji mwilini huendesha vibaya. Australia, nchi nyingine ya jua kali, imelikubali: mpango wake wa MotoCAP, ulioanza mwaka 2018, huyapima majaketi kwa kinga na pia kwa jinsi yanavyotoa joto. Linalofaa kwetu ni jaketi lenye bitana ya kutolewa na matundu ya zipu mbele na nyuma, hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea. Mabega na viwiko vibaki vizito. Kifua kinaweza kuwa cha kitambaa cha wavu.

Bei ni pingamizi gumu zaidi, na simlaumu kijana anayetanguliza mafuta na karo. Lakini si lazima kununua vyote siku moja. Fundi mwenye cherehani anaweza kurudia mishono ya jaketi la jinzi nzito, kushona mistari mikononi na kutia mifuko ya sponji. Wengine husema helmeti inatosha. Asiye nayo aanze nayo kabla ya yote, lakini helmeti haikingi bega wala kiwiko, na mkono uliovunjika hauwezi kushika klachi wala kuleta chakula nyumbani kwa wiki nyingi.

Kitui ina kituo chake cha nguo, KICOTEC, pale Syongila, kilichoshona barakoa kwa wingi wakati wa korona mwaka 2020. Kaunti za Kitui na Makueni, pamoja na sako za bodaboda, zikae na mafundi na waendeshaji wenyewe, zichore jaketi jepesi lenye mistari mikononi, sponji za kweli na matundu ya hewa, kisha ziliagize kwa wingi ili bei ishuke.